Polyesta haiizuii pamba kuungua

Mimi natengeneza felti, yaani tabaka la nyuzi zilizoshikanishwa la kujazia makochi na magodoro. Wiki hii fundi wa makochi kutoka Kibuye ameniambia tena: "Niwekee polyesta nusu kwa nusu, ile haishiki moto kama pamba." Hapa Kisumu nimeshasikia neno hili mara nyingi mno.

Polyesta ikiwa peke yake huukimbia moto kweli. Inajikunja, inayeyuka kwenye digrii 250 hivi, inadondoka, na mara nyingine mwali unadondoka nayo. Lakini ndani ya felti iliyochanganywa haina pa kukimbilia. Pamba haiyeyuki. Inaungua ikabaki mkaa uliosimama, na mkaa huo unainyonya polyesta iliyoyeyuka. Umewahi kuwasha koroboi? Pamba ndiyo utambi, polyesta ndiyo mafuta. Kwa hiyo mchanganyiko unaweza kuungua vibaya kuliko pamba tupu na kuliko polyesta tupu. Usipige hesabu ya wastani wa hizo mbili, utajidanganya.

Polyesta naiweka, ila kwa kazi nyingine: felti ikikaliwa irudi juu. Pamba tupu hulala kama mkeka. Nyuzi za polyesta zenye ganda linaloyeyuka mapema hushikana na nyuzi nyingine ovenini, basi.

Moto unazuiwa na dawa. Fosfati ya amonia ikipata joto hutoa asidi inayoifanya pamba iwe mkaa badala ya gesi, na kinachowaka kwa mwali ni gesi. Boraksi nayo huua mwali lakini huacha kaa la moto likitambaa ndani kimyakimya, ndiyo maana naichanganya na asidi ya boriki. Mkemia Mfaransa Gay-Lussac alitumia chumvi za aina hii kwenye vitambaa vya kumbi za maigizo mwaka 1821, na tatizo lake ndilo letu: zinayeyuka majini. Godoro la mtoto anayekojoa kitandani linanikosesha raha. Tena nikiongeza fosfati, asidi yake huila pamba ovenini na felti inakatika ovyo. Nikipunguza joto, nyuzi hazishikani vizuri. Hapo bado sijaridhika na kazi yangu.

Fundi, kata kipande cha felti yako, kiloweke, kianike, kining'inize kwenye waya nje, ndoo ya maji ikiwa karibu. Washa ukingo wa chini. Mwali ukizimika usiondoke: kipasue katikati kwa koleo, utazame kama kuna kaa.