Mbio za matanga za wikendi: wanayodhani walioko ufukweni na yanayotokea majini

Anayetazama mbio za matanga akiwa ufukweni huona matanga yanayozunguka maboya na kusikia watu wakifokeana. Kwa hayo mawili tu hujijengea picha nzima: kwamba ni mchezo wa matajiri, kwamba wanaofokeana wamekosana, na kwamba aliyetangulia kuvuka mstari ndiye mshindi. Ninaowazungumzia hapa ni waendesha mashua wa ridhaa, watu wenye kazi zao nyingine kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, ambao Jumamosi au Jumapili hushindana bila malipo. Baadhi ya dhana zinazowahusu zinahitaji kuchambuliwa kwa kirefu. Nyingine nitazipitia haraka.

“Kama huna yoti, huna nafasi”

Dhana hii huwafukuza watu kabla hata hawajalowa miguu. Yoti ya mita tisa au kumi haishindani vizuri ikiwa na mtu mmoja. Kuna wa usukani, kuna wa kamba za tanga kuu, kuna wa tanga la mbele, kuna anayekimbilia omoni, yaani mbele ya mashua, kila linapofikiwa boya, na ni vizuri awepo mmoja asiye na kazi ya mikono, bali ya macho tu, wa kuangalia upepo unakotokea na wapinzani wanakoelekea. Hao ni watano, na mara nyingi huwa zaidi. Kila wikendi kuna nahodha anayepiga simu huku na kule: mmoja mtoto wake ana homa, mwingine yuko safarini, wa tatu hapokei. Mgeni asiye na chombo wala ujuzi, ila anafika kwa wakati na kusikiliza anachoambiwa, ni lulu. Upepo ukiwa mkali, hata uzito wake ni mali, maana watu huketi ukingoni upande unaotoka upepo ili mashua isilale kupita kiasi. Wapo waliokwisha kushindana miaka na miaka bila kumiliki hata kasia.

Isitoshe, mashua nyingi za mashindano si yoti hata kidogo. Laser, iliyochorwa na Bruce Kirby na kuingia sokoni mwaka 1971, ina urefu wa mita 4.2, tanga moja na baharia mmoja, na unaweza kuibeba juu ya gari. Sasa inaitwa ILCA, zimeshaundwa zaidi ya 200,000, na imekuwa kwenye Olimpiki tangu 1996. Optimist, mashua ya watoto ya mita 2.3, ilibuniwa na Clark Mills huko Florida mwaka 1947, na lengo tangu mwanzo lilikuwa kupata kitu rahisi ambacho familia ya kawaida ingekimudu.

Sisemi mchezo huu ni wa bure. Matanga huchakaa, kamba hukatika, na mwenye yoti kubwa hulipia maegesho awe ameitumia au hajaitumia. Lakini mzigo huo ni wa mwenye chombo, na wengi wa watu walio majini siku ya mashindano si wenye vyombo.

“Wanaofokeana wamegombana”

Huu ndio moyo wa mambo, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Mashua ya tanga haina breki, na tanga lenyewe huziba nusu ya upeo wa macho. Mashua mbili zikielekea mahali pamoja, lazima watu wasemezane, na kwa kuwa upepo unavuma na matanga yanapiga makofi, lazima wapaze sauti. Mengi ya makelele yale ni taarifa. Kanuni za mbio za matanga, zinazotolewa na shirikisho la dunia la World Sailing na kufanyiwa marekebisho kila baada ya miaka minne (toleo la sasa ni la 2025 hadi 2028), zimejengwa juu ya mambo machache ambayo kila mshindani anatakiwa ayajue kama jina lake. Mashua inayopokea upepo kwa ubavu wa kushoto humpisha anayeupokea kwa ubavu wa kulia. Zote zikiupokea upande mmoja, iliyo upande upepo unakotoka humpisha aliye upande upepo unakoelekea. Aliye nyuma humkwepa aliye mbele. Kwa hiyo anayepiga kelele akitaja upande wake hatukani. Anamkumbusha mwenzake ambaye huenda hajamwona.

Kuna kanuni moja ninayoipenda kuliko zote. Mashua inayokaribia mwamba au maji haba, ikazuiwa kugeuka na mwenzake aliye ubavuni, inaweza kumwita aipe nafasi. Aliyeitwa ni lazima aitikie hata kama anaamini wito huo haukuwa halali. Hapewi ruhusa ya kubishana pale. Aitikie kwanza, malalamiko yasubiri nchi kavu. Walioiandika waliwajua wanadamu vizuri.

Dhana pacha ya hii ni kwamba yupo refa mahali fulani anayeona kila kitu. Katika mashindano makubwa, na yale ya mashua mbili mbili, kweli huwa kuna waamuzi wanaofuata kwa boti. Katika mbio za klabu za wikendi karibu hawapo kabisa. Watu wa kamati inayosimamia mbio wako kwenye boti ya kuanzishia, pengine kilomita mbili kutoka boya la mbali, na hawawezi kujua nani alimgusa nani. Ukigusa boya, unajiadhibu mwenyewe kwa kuzunguka mara moja. Ukimkosea mwenzako, unajitoa pembeni na kuzunguka mara mbili mfululizo, kila mzunguko ukipitisha omo kwenye upepo mara moja na shetri, yaani nyuma ya mashua, mara moja. Hakuna aliyekulazimisha. Unapoteza nafasi tatu au nne, pengine mbele ya familia yako inayotazama ufukweni, kwa kosa ambalo labda watu wawili tu walilishuhudia.

Mkosaji asipokubali kosa, aliyekosewa hutamka palepale kwa sauti kwamba anapinga, na kama mashua yake ina urefu wa mita sita au zaidi, hupandisha bendera nyekundu. Baadaye huandika malalamiko, na wajumbe watatu hivi, mara nyingi wanachama wenzao, huketi kusikiliza pande zote mbili pamoja na mashahidi. Mgeni anayeona vikao hivi kwa mara ya kwanza hudhani urafiki umekufa. Mimi naona kinyume chake. Klabu ambayo hakuna anayepinga, ambako makosa yanafunikwa kwa tabasamu, ndiko kinyongo kinakorundikana kimyakimya hadi watu wanaacha kuja.

“Mbio ni mbio, anayezama shauri yake”

Si kweli, na si suala la wema tu. Kanuni ya kwanza kabisa katika kitabu, 1.1, inamtaka kila mshindani atoe msaada wote anaoweza kwa mtu au chombo kilicho hatarini. Anayepoteza nafasi yake kwa sababu hiyo anaweza kuomba kufidiwa.

Mfano unaotajwa sana ni wa Lawrence Lemieux wa Kanada katika Olimpiki ya 1988. Mbio za matanga zilifanyika Pusan, Korea Kusini. Lemieux alikuwa nafasi ya pili katika mbio za daraja la Finn, mashua ya mtu mmoja, upepo ulipochafuka, akawaona Wasingapore wawili wa daraja jingine ambao mashua yao ilikuwa imepinduka. Aliacha njia yake, akawaokoa, akangoja hadi boti ya uokoaji ilipowachukua, kisha akarudi kwenye mbio akiwa nyuma kabisa ya nafasi yake. Kamati ilimrudishia nafasi ya pili ya mbio zile. Mwishoni mwa mashindano alikuwa wa 11, hakupata medali ya mchezo wenyewe, ila Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilimtunukia medali ya Pierre de Coubertin, ya kuheshimu uungwana michezoni.

Wikendi mambo ni madogo kuliko hayo: mtu amechoka kuinua mashua yake iliyopinduka kwa mara ya tatu, mpinzani anasogea kando yake na kumuuliza kama yuko salama. Kanuni ni ileile.

“Wa kwanza kuvuka mstari ndiye mshindi”

Inategemea. Mashua zote zikiwa za aina moja, ndiyo. Lakini klabu nyingi hazina mashua za aina moja za kutosha, kwa hiyo nzito na nyepesi, za zamani na za kisasa, hushindana pamoja, na muda wa kila moja husahihishwa. Marekani mfumo uliozoeleka ni PHRF, ambao huipa mashua punguzo la sekunde kadhaa kwa kila maili ya baharini. Uingereza mashua ndogo hutumia Portsmouth Yardstick: unachukua muda uliotumika, unazidisha kwa 1,000, unagawa kwa nambari iliyopewa aina hiyo ya mashua kulingana na kasi yake, ndogo kwa zile zenye kasi zaidi.

Tuseme mashua yenye nambari 950 imemaliza kwa dakika 58, na yenye nambari 1,100 imemaliza kwa dakika 66. Ya kwanza muda wake uliosahihishwa ni dakika 61 na sekunde chache. Ya pili ni dakika 60 kamili. Aliyefika dakika nane baadaye, wakati mwenzake ameshaanza kukunja tanga, ndiye mshindi. Ndiyo maana hutawaona wakishangilia wanapovuka. Wanangoja hesabu, na wengi wana kikokotoo tayari.

Je, mfumo huu ni wa haki kabisa? Hapana. Upepo mwanana huwapendelea wengine, upepo mkali huwapendelea wengine, na kila mtu anaamini nambari ya jirani ni ya upendeleo. Huo ni mjadala usioisha, na nadhani hawataki uishe.

“Mabingwa huficha siri zao”

Wapo, lakini ni wachache. Muulize mshindi wa leo jinsi alivyokaza kamba ya tanga la mbele au kwa nini alikwenda kulia badala ya kushoto, na huenda ukajuta kwa urefu wa jibu. Sababu si ukarimu mtupu. Kushinda kundi dhaifu kila wikendi kunachosha haraka, na bingwa hawezi kukua bila mtu wa kumsukuma. Hata kipuri cha dharura huazimwa kati ya wapinzani dakika chache kabla ya kuanza, kwa hesabu hiyohiyo.

Ndogondogo za haraka

Kwamba mashua huenda tu upepo unakosukumia: hapana. Tanga lililokazwa vizuri hufanya kazi kama bawa, na mkuku ulio chini ya mashua, au ubao unaozamishwa majini kwa mashua ndogo, huzuia chombo kisiteleze kando. Mashua nyingi hupanda hadi nyuzi 45 hivi kutoka upepo unakotoka, kisha hubisha, kushoto na kulia, mpaka zifike. Boya la kwanza la mbio kwa kawaida huwekwa upepo unakotokea, kwa sababu kupiga bisho ndiko kunakowatenganisha wajuzi na wanaobahatisha.

Kwamba upepo wa nyuma moja kwa moja ndio wenye kasi zaidi: kwa mashua nyingi, upepo wa ubavuni huushinda.

Kwamba honi ndiyo inayoanzisha mbio: bendera ndiyo inayoanzisha. Ishara ya kwanza hutolewa dakika tano kabla, kisha ya dakika nne, ya dakika moja, na ya kuanza. Honi huvuta macho tu. Isipolia, muda unahesabiwa kwa bendera. Aliyevuka mapema hurudi nyuma ya mstari na kuanza upya, huku wenzake wakitokomea.

Kwamba siku isiyo na upepo ni ya mapumziko: muulize aliyekaa bila kutikisika kwa saa nzima akihofia kuivuruga mashua inayotambaa.

Kwamba anayejua kuogelea hahitaji jaketi la kuokoa maisha: mwili ukitumbukia ghafla kwenye maji yenye baridi kali, mtu huvuta pumzi kwa nguvu bila hiari yake, na kama kichwa kiko chini ya maji wakati huo, anavuta maji. Ustadi wa kuogelea hauna la kusema katika sekunde hizo.

Kwamba ni mchezo wa vijana wa kiume: Santiago Lange wa Argentina alishinda dhahabu ya Olimpiki ya 2016 akiwa na miaka 54, pamoja na Cecilia Carranza, katika mashua ambayo kanuni zake zinataka mwanamke na mwanamume. Mdenmaki Paul Elvstrøm, mshindi wa dhahabu nne mfululizo kati ya 1948 na 1960, alirudi Olimpiki mwaka 1984 akishindana pamoja na binti yake Trine, wakamaliza wa nne. Kwenye klabu, babu na mjukuu katika mashua moja si jambo la kustaajabisha.

“Waandaaji wanalipwa”

Katika klabu nyingi ni zamu. Wikendi hii unashindana, wiki kadhaa baadaye unakaa kwenye boti ya kamati ukipandisha bendera na kuandika namba za matanga huku mvua ikikunyeshea, au unaendesha boti ya uokoaji. Anayekwepa zamu yake hujulikana haraka kuliko anayevunja kanuni za majini.

“Anayeshinda mbio nyingi ndiye bingwa wa msimu”

Alama hapa huhesabiwa kinyume na michezo mingi: wa kwanza hupata 1, wa pili 2, na mwenye jumla ndogo ndiye bingwa. Asiyekuja hupewa alama sawa na idadi ya walioandikishwa, kuongeza moja. Kwa kawaida kila mmoja huruhusiwa kufuta tokeo lake baya zaidi. Chukua mfululizo wa mbio sita zenye mashua 12. Mashua A inashinda mara tatu na kukosa mara tatu: alama 1, 1, 1, 13, 13, 13. Ikifuta 13 moja, inabaki na 29. Mashua B inakuwa ya tatu katika mbio zote sita. Ikifuta tokeo moja, inabaki na 15, na kikombe ni chake bila kuongoza hata mbio moja.