Kabla ya kupanga diski, jua kwanza ni diski gani

Wengi wanaotuletea kompyuta nzito hapa kitengo cha TEHAMA huwa wameshapakua programu ya kupanga diski, yaani ya kukutanisha vipande vya faili vilivyotawanyika, na wanachouliza ni wachague upangaji upi: wa haraka, kamili, au wa kukusanya nafasi tupu. Sisi huanza kwa kuuliza diski yenyewe ni ya aina gani.

Ikiwa ni HDD, yaani diski ngumu ya kawaida, ndani mna visahani vinavyozunguka, aghalabu mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa kinachosogea huku na huku kusoma. Faili ikikosa nafasi ya kuitosha nzima, Windows huikata na kuiweka vipandevipande, kisha kichwa kikawa na kazi ya kuvifuata kila kimoja kilipo. Hapo kuvikutanisha, au kudifragi kama wasemavyo mafundi, kuna faida.

SSD, yaani diski inayohifadhi data kwenye chipu, haina kichwa wala kisahani, hivyo faili kutawanyika hakuisumbui sana. Kuihamishahamisha ni kuimalizia uhai bure, kwa kuwa seli zake, yaani vijisehemu vinavyohifadhi data, zina kikomo cha kuandikwa. Inachohitaji ni TRIM, yaani kuarifiwa ni maeneo gani yana data iliyokwisha kufutwa.

Andika dfrgui kwenye sehemu ya kutafutia ya Windows. Orodha itakayofunguka inaonyesha aina ya kila diski na lini ilishughulikiwa mara ya mwisho. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kitufe cha "Optimize" huchagua chenyewe: HDD hupangwa, SSD hupewa TRIM. Isitoshe, ratiba ya kila wiki huja ikiwa imewashwa, kwa hiyo huenda kazi unayotaka kuifanya ilishafanyika Jumanne usiku bila wewe kujua.

Kwenye programu za nje, "haraka" kwa kawaida huruka baadhi ya faili, "kamili" hugusa karibu zote na huweza kuchukua saa kadhaa. Kukusanya nafasi tupu husaidia faili zijazo zisikatwe. Windows nayo inaweza kukusanya nafasi tupu kwa amri ya defrag C: /X. Kupanga wakati kompyuta ndiyo kwanza inaanza kuwaka, kabla Windows haijafunguka, hulenga faili ambazo Windows huzishikilia ikiwa kazini. Nyumbani ni nadra kuhitaji hilo.

Msitishwe na asilimia ya mtawanyiko wa faili mnayoonyeshwa. Windows haihesabu vipande vya kuanzia MB 64, maana kichwa kuruka mara moja kwa kipande kikubwa hivyo hakupotezi muda wa maana. Programu inayovihesabu itatoa tarakimu kubwa zaidi kwa diski ileile, na pengine papo hapo ikuombe ununue toleo la kulipia.

HDD ikianza kugonga tak-tak, au faili kugoma kufunguka, usiipange kabisa. Kazi hiyo hukichosha kichwa kwa saa nyingi na diski inaweza kufa katikati. Nakili kwanza picha na nyaraka zako kwenye diski nyingine, ndipo umwite fundi.