Udongo wa kiwanda cha zamani: usichanganye

Kiwanda kikifungwa, mashine huuzwa, mabati hung'olewa na nyasi huota. Ukipita unaona kiwanja tupu tu. Chini yake palipokuwa na tangi la dizeli kuna dizeli, palipovunjiwa betri kuna madini ya risasi, palipooshewa vyuma kuna viyeyusho (kemikali za kuyeyusha grisi), na hatua kumi pembeni udongo unaweza kuwa safi kabisa. Ndiyo maana ninasisitiza kutochanganya kuliko jambo lingine lolote. Kila uchafu una dawa yake, na dawa ya mmoja huweza kuuamsha mwingine.

Kabla ya mashine kugusa ardhi, tafuta ramani za zamani na uwaulize waliofanya kazi pale: tangi lilizikwa wapi, mtaro wa maji machafu ulipita wapi, mafuta yaliyokwisha kazi yalimwagwa wapi. Kisha toboa mashimo ya uchunguzi. Mimi huyaweka mita 10 hadi 20 kutoka shimo hadi shimo, na huyasogeza karibu zaidi kuzunguka matangi na mitaro. Chukua sampuli kila udongo unapobadilika rangi, harufu au aina; kuchukua kila mita moja kwa mazoea huruka tabaka nyembamba zenye uchafu mwingi. Dizeli na petroli ni nyepesi kuliko maji, hivyo hutanda juu ya maji ya ardhini. Viyeyusho vyenye klorini ni vizito: huzama ndani ya maji hayo na kushuka mpaka vikutane na tabaka la mfinyanzi. Anayeacha kutoboa mara tu anapofika kwenye maji hatavipata kamwe. Na anayetoboa mfinyanzi wenyewe bila kuziba shimo amevifungulia njia ya kwenda chini zaidi, kosa ambalo ni vigumu sana kulirekebisha.

Sampuli ya petroli ijaze chupa hadi ukingoni, ifungwe papo hapo na kuwekwa kwenye sanduku lenye barafu, nyuzi 4 hivi. Chupa iliyojaa nusu hupoteza mvuke, na maabara itakupa jibu la kufurahisha lisilo la kweli. Kwa metali, kipimo cha mkononi cha eksirei kinasaidia sana uwanjani, ila kausha udongo na kuuchekecha kwanza, maana udongo uliolowa husoma chini ya kiwango halisi.

Wakati wa kuchimba, kila aina iwe na rundo lake juu ya plastiki nzito, lifunikwe na liandikwe limetoka shimo gani na kina gani. Tenga nafasi ya kutosha: udongo ukichimbuliwa huvimba kwa asilimia 20 hadi 30. Nyunyiza maji vumbi lisipepee, na wafanyakazi waache buti na nguo za kazi palepale. Vumbi la risasi likifika nyumbani, wanaoumia kwanza ni watoto. Lipo pia shinikizo la kuchanganya udongo mchafu na ulio safi ili wastani ushuke. Huko si kusafisha. Mita za ujazo 200 za udongo mbaya zimegeuka 600, na uchafu ni uleule.

Tuje kwenye dizeli, ambayo kwangu ndiyo kazi yenye matumaini zaidi. Bakteria wanaoila wamo tayari ndani ya udongo. Wanachokosa ni hewa, unyevu na mbolea. Andaa sakafu ya plastiki yenye mteremko na mfereji wa kukusanya maji yanayochuruzika. Laza mabomba yaliyotobolewa juu ya changarawe, panga udongo usizidi mita 2 na nusu kwenda juu, funika kwa turubai, kisha unganisha mabomba na feni ya kuvuta hewa. Kama kuna petroli, hewa hiyo ipitishwe kwenye chujio la mkaa maalumu kabla ya kutoka.

Mbolea hupigiwa hesabu. Uwiano wa kuanzia ni kaboni 100, naitrojeni 10, fosforasi 1. Mita ya ujazo ya udongo yenye kilo 1,600 hivi, ikiwa na mafuta miligramu 5,000 kwa kilo, imebeba kilo 8 za mafuta, yaani karibu kilo 6.8 za kaboni. Inahitaji naitrojeni gramu 680 na fosforasi gramu 68. Gramu 340 za DAP, mbolea yenye fosforasi na naitrojeni, zinatosheleza fosforasi na kuleta naitrojeni kidogo. Inayobaki itoke kwenye yurea, kilo 1.35 hivi. Usiimwage yote siku moja. Harufu kali ya amonia ikipanda, ujue unawaua walewale uliowategemea. Igawe mara tatu au nne, na pH, yaani kipimo cha uchachu wa udongo, ibaki kati ya 6 na 8.

Unyevu upime kwa mkono uliovaa glavu. Finya konzi ya udongo: ikishikamana bila kutoa tone, ni sawa, ikimomonyoka, kavu, maji yakitiririka kati ya vidole, hewa haipiti. Oksijeni ipime ndani ya mabomba. Ikishuka chini ya asilimia 5, ongeza muda wa feni.

Linaloharibu marundo mengi ni mabonge ya mfinyanzi. Livunje moja lililokaa miezi mitatu: ganda la nje ni kahawia na halinuki, kiini ni cheusi na dizeli inakupiga puani. Hewa haikuingia. Saga mabonge kabla ya kupanga na uchanganye vibanzi vya mbao, na sampuli za kuhakiki zitoke katikati ya rundo.

Risasi haiozi. Unaihamisha, unaifunika au unaifunga. Fosfeti, chumvi ya fosforasi, huifunga vizuri kwa kutengeneza madini yasiyoyeyuka, lakini pakiwepo sumu ya arseniki, fosfeti hiyohiyo huisukuma arseniki itoke kwenye udongo na kuingia majini. Saruji nayo ikizidi hupandisha pH mpaka risasi ianze kuyeyuka upya. Mkasa wa kromiamu, metali nyingine, unafanana na huo: salfeti ya feri (chumvi ya chuma) huigeuza kutoka hali yake yenye sumu kali kuwa hali tulivu, kisha permanganeti, kemikali yenye oksijeni nyingi, inayomwagwa jirani kuua viyeyusho huweza kuirudisha ilikotoka. Kwa hiyo jaribu kwanza kwenye ndoo, kwa vipimo vitatu au vinne tofauti vya dawa, na maji ya kila ndoo yapimwe metali zote.

Shimo lisifukiwe kabla ya sampuli za sakafu na za kila ukuta kurudi. Ukuta mmoja ukifeli, chimba upande huo tu. Na pale uchafu unapoachwa kwa makusudi chini ya udongo safi, tandika wavu wa rangi ya chungwa juu yake na uuchore kwenye ramani ya kiwanja pamoja na kina chake, ili atakayechimba msingi au kupitisha bomba miaka 20 baadaye asimamishe sururu anapouona.