Tundu likikosewa, usilizibe

Wanaoanza kuchora maumbo mango kwa kompyuta hudhani kwamba tundu lililokosewa husahihishwa kwa kuongeza kizibo juu yake, kisha kutoboa upya. Kwenye skrini linapendeza. Ndani ya faili, kosa bado lipo.

Programu kama FreeCAD na SolidWorks hutunza orodha ya hatua, na kila badiliko huzijenga upya kwa mfuatano. Chukua bamba lenye unene wa milimita 10, lililotobolewa tundu la kupenya unene wote, milimita 12 kutoka ukingoni badala ya 15. Ukiliziba kwa kizibo cha milimita 10 kilichoanzia uso wa chini, halafu kesho unene wa bamba ukawa 12, tundu la zamani hurefuka lakini kizibo hubaki 10. Hapo juu hutokea kishimo cha milimita 2, na kukitafuta chanzo chake kunachosha.

Fungua mchoro wa tundu lenyewe kwenye orodha, badilisha kipimo 12 kuwa 15, funga. Basi. Ila usifute mistari na kuichora upya: hatua za baadaye, hasa kona za mviringo, zimeshikilia kingo zilizozaliwa na mistari ile, na zikizikosa hutoa hitilafu.

Kuziba kunafaa pale faili imeletwa kwa muundo wa STEP, wa kubadilishana maumbo kati ya programu, ambao kwa kawaida huja na umbo pekee bila hatua zake.