Kuzoeza choo watoto wa mbwa wa uzao mmoja

Kuzoeza mbwa choo ni kumfanya ajisaidie mahali ulipochagua wewe, kwa nyakati zinazotabirika, hata kama hakuna anayemtazama. Kwa mtoto mmoja kuna mambo mawili tu: muda, na kile anachokikanyaga. Wakiwa sita uani linaongezeka la tatu, nalo ndilo huwashinda wengi: kujua nani kafanya nini. Ukiwatoa wote kwa pamoja, watatu wakakojoa, wawili wakagombania kandambili yako na mmoja akalala, kisha ukawapongeza wote, umefundisha watatu. Wale wengine watakojoa ndani dakika tano baadaye, nawe utashangaa kwa sababu "si wametoka nje sasa hivi?"

Hadi karibu wiki ya tatu hakuna cha kufundisha. Mtoto hawezi hata kujisaidia peke yake. Mama humlamba ndipo haja itoke, kisha anasafisha mwenyewe. Baada ya hapo wanaanza kujikokota kutoka walipolala ili wajisaidie pembeni. Weka maranda kona moja ya banda, mbali na matandiko na bakuli. Kila asubuhi ondoa yaliyochafuka, lakini bakiza konzi moja iliyolowa, maana harufu ndiyo inayowaita. Wiki ya tano au ya sita hamishia maranda hayo nje, palepale unapotaka pawe choo. Usichelewe: kati ya wiki ya saba na ya tisa mtoto anazoea aina ya ardhi, na aliyekulia kwenye sementi tupu ataitafuta sementi. Sebuleni ipo.

Choo kiwe ndani ya uzio. Mtoto ambaye hajamaliza chanjo asipelekwe barabarani, kwa kuwa virusi vya parvo, vinavyoleta kuhara kunakoua watoto wa mbwa, hudumu ardhini kwa miezi.

Kuanzia wiki ya nane, mfundishe kila mmoja peke yake. Wafunge shingoni vitambaa vya rangi tofauti, vilegee kiasi cha vidole viwili kupita, na uvikague kila siku chache kwa sababu shingo zinanenepa haraka. Bandika karatasi ukutani: rangi, saa, ndogo au kubwa. Baada ya siku tatu utaona kwamba wa nyekundu hunya robo saa baada ya kula na wa bluu huchukua nusu saa. Mbebe aliyeamka kwanza, usimwache atembee, kwani wengi humalizia mlangoni. Mweke chini, simama kimya, mpe dakika tano. Akimaliza tu, palepale mpe kipande cha dagaa. Ukingoja mpaka mrudi ndani, atadhani amelipwa kwa kurudi. Asipofanya, mrudishe kwenye sanduku lake la kulalia kwa dakika kumi, kisha mtoe tena. Kucheza na ndugu zake kuje baada ya haja, kamwe si kabla.

Sanduku hilo seremala yeyote hulitengeneza: mtoto aweze kusimama, kugeuka na kujinyoosha, basi. Likiwa kubwa atalala upande mmoja na kukojoa upande wa pili. Kuwalaza sita kwenye chumba kimoja kikubwa kuna kasoro hiyohiyo, tena mara sita.

Kikomo cha kubana mkojo hukisiwa hivi: umri kwa miezi, ongeza moja, ndiyo idadi ya saa. Wa miezi miwili asizidi saa tatu. Akiwa anacheza, mtoe kila nusu saa. Usiku mtoe saa nne, saa saba, na saa kumi alfajiri.

Mkojo wa mmoja ndani huwavuta wote. Osha kwa sabuni, kisha pitisha siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Dawa ya klorini usiimwage juu ya mkojo mbichi, hewa yake huumiza macho na kifua. Kumsugua mtoto pua kwenye uchafu hakufundishi choo. Kunamfundisha kujisaidia nyuma ya kochi.

Masika ya Arusha na Moshi huharibu ratiba nzuri kabisa. Mtoto hakanyagi tope, na baridi ya Julai humfanya akimbilie ndani kabla hajamaliza. Tengeneza sehemu ya changarawe au moramu chini ya upenu, maji yasipotuama, na uianze kabla ya mvua.

Anayekojoa kidogokidogo kila mara, wakati ndugu zake wameshaelewa, apelekwe kwa daktari wa mifugo. Huenda kibofu kinauma. Anayechuruza mkojo anaposalimiwa ni woga au furaha tu, msalimie nje, kwa sauti ya chini.

Watoto wakigawiwa, kila mmoja aondoke na mfuko wa maranda aliyozoea. Mmiliki mpya ayamwage kwenye kona ya uani atakayoichagua, na ampeleke mtoto hapo kabla hajamwingiza ndani.