Msichana na Mnyama wa Pembe Moja: Kuisoma Medali ya Cecilia Gonzaga

Ukiiona medali ya bronzi ya karne ya 15 kwenye makumbusho, usiishie kwenye uso wa mwenye medali. Zunguka uone mgongoni, maana hapo ndipo alipotaka asomwe.

Tuchukue ya Cecilia Gonzaga, kazi ya mchoraji wa Italia Pisanello ya mwaka 1447. Ni kisahani cha shaba iliyochanganywa na bati, upana wake unakaribia sentimita 9. Mbele yumo Cecilia, binti wa mtawala wa Mantua, mji wa Italia, ameonyeshwa kwa ubavu kama wafalme wa Roma kwenye sarafu zao za kale, ambazo wasomi wa wakati ule walizikusanya kwa hamu. Maandishi ya Kilatini yanayomzunguka yanamtaja kuwa bikira.

Nyuma kuna msichana aliyejifunika nusu mwili, ameketi penye miamba pamoja na mnyama wa pembe moja, na angani pana hilali. Hadithi za Ulaya zilidai mnyama huyo hashikiki na mwindaji yeyote, ila mbele ya bikira hutulia. Hilali nayo ni alama ya Diana, mungu wa Waroma aliyekataa kuolewa. Pisanello amemvika mnyama manyoya marefu kama ya beberu, hivyo anayetarajia farasi mweupe atashangaa kidogo.

Alama hizo zilimhusu kweli. Cecilia, aliyesomeshwa Kigiriki tangu utotoni, alimkataa Oddantonio da Montefeltro, mchumba aliyechaguliwa na baba yake. Baba alifariki mwaka 1444, na mwaka uliofuata binti akaingia utawani. Medali ilipotengenezwa alikuwa tayari mtawa, lakini Pisanello amemvalisha nguo za kasri! Nionavyo mimi, ukoo ulitaka yote mawili: utakatifu wa binti na fahari ya jina la Gonzaga.

Medali hii haikuwa pesa, wala haikugongwa kwa nyundo kama sarafu za siku zile. Sura ilichongwa kwanza kwa nta, ikatengenezewa kalibu, bronzi ikamiminwa. Baadaye wengine walitumia medali yenyewe kutengeneza kalibu mpya. Bronzi husinyaa ikipoa, kwa hiyo nakala ya nakala hutoka ndogo kidogo, na manyoya ya yule mnyama hufifia. Ndiyo maana mtaalamu akiletewa medali ya aina hii, huanza kwa kuipima upana.