Kumkatia tamaa mgombea si kuhamia kwa mpinzani wake

Kila uchaguzi unapokaribia hesabu ni ile ile: mgombea fulani amewaudhi watu kwa suala fulani, watu hao ni asilimia kadhaa, basi asilimia hiyo itolewe kwake na iongezwe kwa mpinzani. Juzi nimeisikia tena redioni, safari hii mchambuzi akitaja mji wa Dearborn, katika jimbo la Michigan nchini Marekani, wenye wakazi wengi wa asili ya Kiarabu, kama ushahidi kwamba hasira juu ya Gaza iliwahamishia wapiga kura wa Kamala Harris kwa Donald Trump. Kwa kuwa riziki yangu ni kuwadodosa wapiga kura na kukesha na majedwali yao, nimechoka kunyamaza.

Katika mchujo wa chama cha Democratic wa tarehe 27 Februari 2024, zaidi ya watu 100,000 wa Michigan, yaani kama asilimia 13, waliweka alama kwenye chaguo la kutomuunga mkono mgombea yeyote, wengi wao wakimwonya Rais wa wakati huo, Joe Biden, juu ya vita vya Gaza. Dearborn chaguo hilo lilimshinda Biden mwenyewe. Ilipofika Novemba, Harris akiwa amechukua nafasi ya Biden kama mgombea, mji uliompa Biden takriban asilimia 69 mwaka 2020 ulimpa Harris 36, Trump 42 na Jill Stein wa chama cha Green 18. Wachambuzi husoma namba ya Trump, kisha hufunga daftari. Lakini Trump alikuwa na asilimia kama 30 mjini humo tangu 2020: Harris alipungukiwa na pointi 33 ilhali Trump aliongeza 12 tu. Siku hiyo hiyo Rashida Tlaib wa Democratic, ambaye jimbo lake la uchaguzi linaijumuisha Dearborn, alirudishwa Bunge la Marekani kwa ushindi mkubwa, kwa hiyo hata kusema kwamba watu walikihama chama ni kusema kupita kiasi.

Hata hizo pointi 12 zina mtego wake. Asilimia hukokotolewa kwa waliofika kituoni, si kwa waliokasirika. Chukua wapiga kura 100 wa kubuni: 69 wa chama kimoja, 30 wa kingine, mmoja wa kwake peke yake. Uchaguzi unaofuata, 25 kati ya wale 69 wanabaki nyumbani, na hakuna hata mmoja aliyebadili upande. Waliopiga kura ni 75, na wale 30 wa zamani sasa ni asilimia 40. Mpinzani amepanda pointi kumi bila kupata kura mpya hata moja, na redio itatangaza wimbi! Dearborn haikuwa hivyo hasa, kwani Trump aliongeza kura halisi, ila jumla ya mji haikuambii zilitoka kwa nani: kwa aliyempigia Biden, kwa kijana aliyepiga kura mara ya kwanza, au kwa aliyekaa nyumbani mwaka 2020. Kusoma tabia ya mtu mmoja mmoja kutoka kwenye jumla ya kituo ni kosa tunalowakanya wanafunzi mapema kabisa, kisha wakubwa wao wanalipwa kulirudia hewani.

Tofauti hii si ya kitaaluma tu, maana anayehama huhesabika mara mbili, na anayesusa mara moja. Watu 10,000 wakihamia kwa mpinzani, pengo hubadilika kwa kura 20,000. Wakibaki nyumbani au wakimpigia Stein, hubadilika kwa 10,000. Michigan nzima Trump alishinda kwa kura kama 80,000, na kura zote za Stein jimboni hazikufika 50,000. Hata Harris angepewa zote, bado angeshindwa. Anayedai kwamba suala moja lilimnyima Harris jimbo hilo atuoneshe basi wahamaji ni wangapi na wasusaji ni wangapi.

Mimi mwenyewe siwezi kumwonesha kwa uhakika, na hapa ndipo fani yetu inapoyumba. Swali la "kwa nini ulimwacha?" ndilo wateja hulipenda kuliko yote, na ndilo ninaloliamini kidogo kuliko yote, kwa sababu mhojiwa hutaja jambo lililo midomoni mwa watu. Ninakumbuka dodoso moja kutoka Githurai, nchini Kenya, ambapo mhojiwa alieleza, kwa ufasaha, jinsi Mswada wa Fedha wa 2024, ule wa kodi uliozua maandamano, ulivyomfanya amwache Rais William Ruto. Kurasa mbili nyuma alikuwa amejibu kwamba mwaka 2022 hakupiga kura. Hakuwa mwongo. Imani yake ilikuwepo na ilivunjika kweli, ila haikuwahi kuwa kura.

Kwa hiyo wanaoanza kupunguza na kuongeza kwa ajili ya uchaguzi wa Kenya wa 2027 naomba waanze na ule wa Agosti 2022. Ruto alimpita Raila Odinga kwa kura kama 233,000, huku waliojiandikisha wasijitokeze wakizidi milioni 7. Waliojitokeza walikuwa karibu asilimia 65, ilhali Agosti 2017 walizidi 77. Kundi hilo la milioni 7 halina safu katika jedwali la mchambuzi wetu wa redioni, ingawa wengi waliochukizwa na mswada ule huenda wakaishia humo. Mimi dodoso lisilouliza kwanza kama mhojiwa amejiandikisha, na kama alipiga kura mara ya mwisho, silifungui.